Huduma ya kufuatilia madai ya bima, Mwembe Tayari

Kazi yao safi, ila feni mbovu. Lete risiti zenye muhuri, ripoti ya daktari na hasa barua ya kukataliwa. Wengi hukwama kwa kuja na jibu la mdomo, na jibu la mdomo halikatiwi rufaa. Bima ikizidi kunyamaza, malalamiko hupelekwa kwa mamlaka ya kusimamia bima.

Barazani nje utasikia wanaomsifu aliyemuua Brian Thompson, bosi wa UnitedHealthcare, kampuni ya bima ya afya ya Marekani, huko New York, Desemba 2024. Damu ya mtu haihalalishwi na dai lililokataliwa. Tena ni kutwanga maji kinuni: Januari 2025 Tim Noel alishakalia kiti chake. Mwaka 1892 Henry Clay Frick, bosi wa kampuni ya chuma, alipigwa risasi Pittsburgh, Marekani, wakati wafanyakazi wake wakigoma, akapona. Mgomo wao, wa Homestead, ndio uliokufa.

Fika mapema, foleni huanza alfajiri.