Bunduki ya Upepo ya Springi Imechoka: Uitengeneze au Ununue Nyingine?

Kabla hujatoa pesa ya bunduki mpya, chana kipande cha karatasi laini, kiweke juu ya maungio ya mtutu, tia risasi, kisha piga. Karatasi ikiruka, hewa inavuja hapo: badilisha sili (kizibo cha kuzuia hewa) ndogo ya mtutu. Isipotikisika, angalia ndani, kwenye sili ya pistoni na springi.

Kwangu, kutengeneza ndiyo chaguo la kwanza. Bunduki nyingi za zamani zina sili ya ngozi. Ikikauka, matone machache ya mafuta na usiku mmoja wa kusubiri huweza kuirudishia uhai. Sili ya plastiki usiimwagie mafuta, kwani yanawaka kwa mgandamizo na kuiharibu. Ukivuta bunduki kuibana springi ukasikia mkwaruzo kama wa mchanga, springi huenda imepinda au imekatika. Vipuri vya bunduki za kampuni za Diana, Weihrauch na BSA bado vinapatikana. Usinunue springi kali kuliko ya asili: mtikisiko unaongezeka, shabaha inapotea, na unaweza kuvuka kikomo cha sheria, ambacho Ujerumani ni juli 7.5 (kipimo cha nguvu ya risasi) kwa bunduki isiyohitaji leseni. Tena springi imebanwa hata bunduki ikiwa haijavutwa. Ifungue kwa jeki ya kubania tu, au mpelekee fundi wa bunduki. Ikichomoka inavunja vidole.

Kama silinda imechubuka ndani, mtutu umeliwa na kutu, au kifyatulio kinaachia chenyewe, hapo achana nayo. Hiyo ya kifyatulio ni hatari, usiibembeleze.

Chaguo la pili ni bunduki nyingine ya springi iliyotumika vizuri. Shika mtutu uutikise upande kwa upande, ukicheza, iache.

La tatu ni mpya ya pistoni ya gesi: inapiga kwa utulivu zaidi, ila gesi ikiisha hubadilishwa kitengo kizima.

Ya hewa iliyojazwa tangi ina shabaha tamu na haitikisiki, lakini inadai pampu ya kufikia mgandamizo wa baa 200 hivi, kwa hiyo naiweka ya nne. Ya mwisho ni ya kapsuli za gesi ya kaboni dayoksaidi za gramu 12, maana nguvu hushuka kukiwa na baridi.

Chukua kipenyo kilekile, milimita 4.5 au 5.5, risasi zako zisilale bure. Na ya springi usiifyatue kamwe bila risasi: pistoni inagonga mwisho wa silinda bila mto wa hewa, na springi uliyoinunua juzi inakatika.