TAHADHARI: masaji ya vikombe, usikubali kusomewa "sumu" mgongoni

Jamani kama unaenda kukandwa na ukaambiwa utawekewa vikombe, vile vinavyobandikwa mgongoni vivute ngozi, soma hii kwanza maana mimi nimeliwa hela na mgongo umebaki na kidonda.

Nilienda na maumivu ya bega tu. Jamaa akanikanda vizuri, hapo sina neno, halafu akasema ngoja nikuwekee vikombe vikavu, yaani bila kuchanjwa, vya kuvuta hewa kwa pampu, vitoe sumu. Nikalipia awamu 6 kwa mkupuo, hela yote mbele. Siku ya kwanza alivyovitoa akapiga picha mgongo wangu kwa simu akanionyesha ile miduara, "unaona hapa kiunoni peusi, hii sumu ya miaka, hapa begani pekundu pana nafuu". Niliogopa kweli, yaani mgongo wako mwenyewe ukiuona vile lazima utishike.

Siku ya tatu ndo nikashtuka. Nimelala kifudifudi nasikia pampu, nikaanza kuhesabu anavyovuta: begani mara 2, kiunoni mara 5, mara 6. Halafu akatoka kuongea na simu, vikombe vikakaa karibu nusu saa. Alivyorudi kiunoni peusi tii na kwenye duara moja pametoka malengelenge yamejaa maji, na mtu anafurahi, eti sumu ndo hiyo inatoka, lipia awamu 6 nyingine!

Sasa sikilizeni, ile alama ni damu imevilia. Kikombe kinavuta ngozi, vimishipa vidogo vinapasuka, damu inabaki chini ya ngozi. Ukivuta kwa nguvu au ukiacha muda mrefu inakuwa nyeusi zaidi, kwa hiyo rangi anaitengeneza yeye mwenyewe kwa mkono wake halafu anakuuzia. Michael Phelps, yule muogeleaji wa Marekani, alionekana na miduara hiyo hiyo Olimpiki ya Rio 2016 na akabeba medali za dhahabu, ile ilikuwa sumu gani? Kusafisha mwili ni kazi ya ini na figo. Vikombe kwa kawaida ni dakika 5 mpaka 10 hivi, na alama zinapotea zenyewe ndani ya wiki moja au mbili.

Sisemi wote ni matapeli, wapo watu misuli inalegea wanapata nafuu na mimi siwakatazi. Ila huyu hata hakuniuliza kama nina mimba au natumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi, na hayo ndo maswali ya kwanza kabisa.

Na wale wa hijama ya kuchanja, yaani vikombe vya kukatwa ngozi kwa wembe damu itoke, muwe makini zaidi. Ukionyeshwa damu imeganda kama maini ukaambiwa ndo damu chafu, jua damu ya mtu yeyote ikitoka nje inaganda. Wewe angalia wembe unafunguliwa mpya mbele ya macho yako, glavu zipo, vikombe havijatumika kwa mwingine, maana homa ya ini B na C na virusi vya ukimwi vyote vinapita kwenye damu. Akianza kuleta maneno hapo, vaa nguo zako uondoke.

Nimedai hela ya awamu 3 zilizobaki, akasema ikishaingia hairudi, na sasa hivi hapokei simu. Lile lengelenge lilipasuka likaingia uchafu, nasafishwa kidonda kila baada ya siku moja na usiku bado nalala ubavu.