Posta za mtoto wa mjomba, Nasser Road: nyota nne, ya tano nimeizuia

Nimeuza karatasi Mbale kwa miaka kumi na moja: daftari, bahasha, kadi za harusi. Fundi wa kuchapa hanidanganyi kirahisi. Ukinipa karatasi ya gramu 90 ukaniambia ni ya 130, naikunja pembe tu na sauti yake inakusema. Ndiyo maana mtoto wa mjomba wangu, alipoangushwa kwenye mchujo wa NRM, chama tawala, wa Julai 2025 akaamua kurudi kama mgombea binafsi wa ubunge, kazi ya posta, yaani picha za kampeni za kubandika ukutani, ilinidondokea mimi.

Duka liko Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, ghorofa ya kwanza. Unapanda ngazi nyembamba iliyojaa vijana wanaokuuliza unataka kalenda, vitabu vya risiti au "kitu chochote". Hicho kitu chochote kila mtu Uganda anakijua. Uliyepoteza cheti cha shule, na hata usiyewahi kuwa nacho, vijana wale hawakuulizi maswali. Jina la duka silitaji. Mwenyewe anachapia vyama vyote, na nisingependa mtu apande zile ngazi kwa ajili yangu.

Haji, mwenye duka, ni Mnubi wa Bombo, Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Aliniketisha, akaniagizia chai na rolex, ile chapati ya kuviringishia mayai, akachomeka flashi yangu na kuitazama picha ya mgombea kwa muda. Kisha akauliza, "Mama, njano ya chama au njano ya embe?"

Sikuelewa. Akanieleza kwamba walioangushwa mchujo wengi bado wanataka njano, ili bibi kizee wa kijijini akiiona asishtuke, lakini isiwe ile yenyewe ya NRM, maana kesi zipo. Kwa hiyo kuna njano ya embe, imetiwa wekundu kidogo. Ana sampuli zake zimebandikwa ukutani, na chini ya kila moja kaandika kwa kalamu: embe, ndizi, papai. Tulichukua papai. Nikikumbuka nacheka hadi leo.

Kazi yenyewe ni safi. Posta 3,000 za A3, gramu 130 za kweli, kwa shilingi 600 moja. Fulana 150 kwa 9,000, na mabango manne ya plastiki kwa 60,000 kila moja. Jumla 3,390,000. Alinitolea sampuli ya kwanza bila kunitoza, akagundua mwenyewe kwamba jina la kata moja limeandikwa vibaya, akasimamisha mashine. Nimefanya kazi na wachapaji ambao wangenyamaza wakachapa zote 3,000 na kosa lao. Siku ya tatu mzigo ulikuwa umefungwa kwa mafungu ya mia mia, karatasi ya kaki juu, unangoja basi. Kwa kasi, kwa rangi na kwa adabu, sina la kulalamika. Choo ndicho kibaya, lakini ni cha jengo zima.

Lalamiko langu ni la pesa.

Nilikuwa nimelipa 1,500,000 mkononi, ikabaki 1,890,000. Pesa yenyewe tulikuwa tunaitafuta kwa tochi. Ada ya kuteuliwa kugombea ubunge ni milioni 3. Kabla ya sheria kubadilishwa 2015 ilikuwa laki mbili. Mjomba aliuza ng'ombe wawili kwa ajili ya ile milioni 3 peke yake, na hapo hujagusa mafuta ya gari, redio, mabugo (rambirambi) ya kila msiba, wala wanawake wa vikundi wanaokuuliza umewaletea nini. Sheria ya uchaguzi inamkataza mgombea kutoa misaada na kuchangisha wakati wa kampeni. Ipeleke sheria hiyo kijijini kwetu ukaisome kwa sauti, uone kama utapewa hata kiti.

Siku ya pili, nikisubiri pleti zikauke, wateja wawili walianza kubishana kuhusu kahawa. Mama yangu ana miti yake Bududa, kwa hiyo masikio yalinisimama. Walikuwa wameurudia ule mkataba wa Februari 2022, Wizara ya Fedha na Uganda Vinci Coffee Company, uliompa mwekezaji nafasi ya kwanza kwa kahawa bora ya nchi nzima kabla ya wanunuzi wengine, na misamaha ya kodi juu yake. Mwaka huo huo Bunge likataka uvunjwe. Mmoja alisema wabunge walitulinda, mwingine akamkumbusha zile milioni 29 za kila mbunge mwaka 2017, zilizoitwa za kwenda kuwauliza wananchi kuhusu kikomo cha umri wa rais. "Hao hao," akasema.

Kulikuwa na bwana wa makamo pale, kakaa kimya, faili la bluu magotini. Akasema taratibu, bila kuinua macho: "Mkataba una kelele. Posta haina kelele."

Nilidhani ni mzaha. Kisha Haji akamwita, akaenda kaunta, akafungua faili. Oda tatu: mgombea wa njano, wa nyekundu ya upinzani, na mmoja binafsi, wote wa jimbo moja. Alilipa zote tatu kwa noti za hamsini. Haji akauliza kama anavyomuuliza kila mteja, "Risiti iandikwe jina la nani?" Akajibu, "Andika keshi tu." Haji akaandika *Keshi*, mara tatu, kwa mwandiko wake mzuri.

Alipoondoka nikauliza ni nani. "Ana magreda," Haji akasema. "Barabara za wilaya." Akarudi kwenye mashine.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho sikuwahi kukielewa nikiwa upande wa kura. Kwenye posta tunaona uso wa mgombea, na uso wa aliyeilipia hauko popote. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2005 inaweka kikomo kwa pesa ambazo chama kinaweza kupokea kutoka kwa wageni kwa mwaka, pointi za sarafu 20,000, yaani shilingi milioni 400. Mgombea akifadhiliwa na tajiri wa hapa nyumbani mwenye magreda, hakuna kikomo cha anachoruhusiwa kutumia. Watu wakisema enjawulo, yaani chochote cha juu kwa mkubwa, wanafikiria bahasha inayotolewa baada ya tenda. Mimi niliiona ikitolewa miezi mitatu kabla ya kura, kwa bei ya jumla, na chai juu.

Siku ya tatu nilifika na salio langu limefungwa kwenye leso. Haji akasema, "Mama, yako imeshalipwa."

"Na nani?"

Akanigeuzia kitabu cha risiti. *Keshi.* 1,890,000.

Nilimwambia arudishe. Akasema hawezi kumrudishia mtu ambaye hajadai. Nilimwambia basi achukue yangu pia. Akasema hawezi kulipwa mara mbili kwa kazi moja, ni haramu. Nikampigia mtoto wa mjomba, nikitegemea awake. Akanyamaza kidogo, nikasikia boda boda zikipita upande wake, kisha akasema, "Dada, mwambie asante. Hiyo yetu tutaweka mafuta."

Haji anajitetea kwamba yeye anauza wino, na mwenye wino hamuulizi mtu anaandika nini. Kampeni za 2021, mikutano ilipozuiwa kwa sababu ya korona na wagombea wakabaki na redio na karatasi, ndizo zilizomnunulia mashine ya pili. Namwelewa, na mimi nauza karatasi. Lakini oda ilikuwa yangu, namba ya simu kwenye oda ilikuwa yangu, na ilikuwa wajibu wake kunipigia kabla ya kupokea pesa ya mtu nisiyemjua. Kwa hilo nimezuia nyota moja, na nilimwambia usoni. Akacheka, akanipa kalenda mbili.

Nilirudi Mbale na basi la saa nane, mzigo chini, sikushuka hata pale njiani Namawojjolo kununua kuku wa kuchoma.

Mtoto wa mjomba alishindwa. Bwana wa faili hajawahi kumpigia simu, na sijui kwa nini apige.

Ukienda: nenda asubuhi kabla ya saa tatu, mashine ikiwa haijajaa. Beba picha yenye ubora, si ile ya WhatsApp. Kagua majina ya kata mwenyewe. Na siku ile ile ya kwanza, mbele ya macho yako, mwambie Haji aandike juu ya oda: *salio lipokelewe kwa mwenye oda peke yake*, weka sahihi yako, naye aweke yake.