Vitufe vya kukunja mistari katika Excel, kwa mtu wa hesabu za depo

Ninashika hesabu za depo ya unga wa mahindi hapa Lubumbashi. Tunapeleka mifuko kwa wenye butiki katika komune zote 7 (sehemu za mji), na kila butiki ina mstari wake. Mwisho wa mwezi faili inarefuka hadi patroni anachoka kabla hajafika chini, naye anachotaka ni kujua tu Katuba imeuza ngapi na Ruashi inadaiwa ngapi.

Kwa kazi hiyo naipenda sana "Grouper" ya Excel, yaani kuweka mistari katika kundi. Yetu ni ya Kifaransa, utaipata kwenye "Données", sehemu ya "Plan". Unachagua mistari ya butiki za Katuba bila kugusa mstari wa jumla ulio chini yake, kisha unabonyeza Alt, Shift na mshale wa kulia kwa pamoja. Pembeni kushoto inatokea alama ya kutoa. Ibonyeze: butiki zinakunjwa, inabaki Katuba na jumla yake, na alama inageuka ya kujumlisha. Kule juu konani kuna namba 1, 2, 3. Ukibonyeza 2, komune zote zinajikunja mara moja. Ngazi zinafika 8, sisi 3 zinatutosha. Safu za wima nazo zinakunjwa vilevile, mimi nimekunja siku chini ya kila wiki.

Wengi hutumia "Masquer" kuficha mistari. Siikubali hata kidogo. Faili ikipita mkono mwingine, mtu hajui kuna butiki zimejificha pale. Alama ya kujumlisha inamwonyesha.

Jumla ziandikwe kwa fomula ya SOUS.TOTAL(9;...), si kwa SOMME ya kawaida, maana SOUS.TOTAL inaziruka jumla ndogo zilizo ndani yake na jumla kuu haihesabu komune ya Kenya mara mbili. Angalia vizuri hiyo 9. Ukiweka 109, inahesabu mistari inayoonekana tu: unakunja Kampemba, na jumla yake inageuka sifuri mbele ya patroni!

Makundi mawili ya ngazi moja yakigusana bila mstari katikati, yanaungana. Na ukinakili sehemu iliyokunjwa, yaliyofichwa yanafuata, hivyo pitia kwanza "Cellules visibles seulement", yaani kuchagua seli zinazoonekana tu. Kinachonikera hasa ni hiki: ukilinda ukurasa, vitufe vya kukunja na kukunjua vinakataa kufanya kazi. Ningependa patroni afungue na kufunga komune anavyotaka bila kugusa tarakimu, lakini bila makro (programu ndogo inayoandikwa ndani ya faili) haiwezekani.

Kama huna pesa ya Excel, chukua LibreOffice Calc. Ni ya bure, na kukunja kwake ni F12 tu.