Canon 400mm f/5.6 kwenye majaruba ya Moshi: uzoefu wangu

Kwa misimu kadhaa sasa natumia lenzi ya Canon EF 400mm f/5.6L USM, na karibu picha zangu zote za ndege nimezipiga hapa hapa Moshi. Naandika kwa ajili ya mtu anayependa ndege lakini hana gari wala uwezo wa kulipia hifadhi kila mwisho wa wiki. Maoni mengi kuhusu lenzi hii yameandikwa na watu wanaokaa nchi za mawingu, na wengi wao wanaishia kusema imepitwa na wakati. Kwenye jua letu mambo ni tofauti sana.

Ni lenzi ya zamani kweli. Canon waliitoa mwaka 1993 na wameshaacha kuitengeneza, kwa hiyo utaipata mkononi tu. Haivutwi mbele wala kurudishwa nyuma: ni milimita 400, basi. Haina mfumo wa kutuliza mtikisiko wa mkono, na haina mpira wa kuzuia maji na vumbi pale inapoungana na kamera. Uzito wake ni kilo 1.25. Yangu niliinunua kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa Arusha, nikaifunga kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) ya Canon EOS 70D. Kwa kuwa kihisi cha bodi hiyo, yaani kipande kinachopokea picha, ni kidogo kuliko cha kamera za fremu nzima, ndege anaonekana kama amepigwa kwa milimita 640. Kwa bei ya vitu viwili hivyo vikiwa vimetumika, sijaona njia nyingine ya kumfikia ndege mdogo kwa ubora huu.

Nakaa upande wa Pasua, na ukishuka kutoka huku kuelekea Mabogini na Chekereni unaingia kwenye skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Watu wa Moshi tunaijua kwa mchele. Mimi naijua pia kwa ndege. Maji yakifunguliwa kwenye majaruba, wanakuja yangeyange, kulastara, kwarara, fundichuma, na korongo domo-wazi anayetafuta konokono kwenye tope. Kuanzia Oktoba wanaongezeka wageni: mbayuwayu wa Ulaya wanaoruka chini juu ya mpunga, na vitwitwi waliozaliwa kaskazini ya Ulaya na Urusi, ambao watu wengi hudhani lazima uende Tanga ufukweni kuwaona wakichokoachokoa tope. Sisi hatuna bahari, lakini jaruba lililotoka kupigwa haro lina maji kina cha kidole na wadudu tele, na kwa kitwitwi hilo linatosha.

Mandhari hayo ndiyo yananifanya niisifu lenzi hii. Majaruba hayana kivuli. Jua likishapanda kidogo, saa mbili asubuhi, naweka apecha (tundu la kupitishia mwanga) f/5.6, ambayo ndiyo pana kuliko zote kwenye lenzi hii, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 800, na spidi ya shata, yaani muda wa kupiga picha, inafika 1/1600 ya sekunde au zaidi bila taabu. Kwa spidi hiyo mtikisiko wa mkono wangu hauna nafasi kwenye picha, na mfumo wa kutuliza haungenisaidia kitu, kwa sababu mfumo huo hautulizi mbawa za ndege. Anayezigandisha mbawa ni spidi ya shata. Kwa hiyo ule upungufu ambao watu wanaulalamikia kuliko wote, mimi kwenye mpunga siuhisi kabisa.

Fokasi yake ni ya haraka. Ubavuni kuna swichi ya kuiambia lenzi isihangaike na vitu vilivyo karibu kuliko mita 8.5, na ukiiweka hapo kisha ukatumia hali ya AI Servo, ambayo fokasi inaendelea kumfuata ndege, na kundi la nukta za fokasi za katikati, yangeyange akinyanyuka kwenye tuta unamshika na kwenda naye. Picha zangu ninazozipenda zaidi ni za yangeyange anatua, miguu imening'inia, na manyoya ya rangi ya chungwa hafifu yakiwa yametokeza kichwani na mgongoni kwa sababu ni msimu wa kuzaliana. Hapo kuna jambo la kuangalia: ndege mweupe mbele ya mpunga wa kijani kibichi hukidanganya kipima mwanga cha kamera, weupe wake ukaungua na manyoya yakapotea. Mimi napunguza mwanga kwa theluthi mbili za stopu (stopu moja ni kukata mwanga kwa nusu) kabla hata sijaanza. Mbayuwayu ni habari nyingine. Anageuka ghafla mno, na sitamwahidi mtu kwamba 70D na lenzi hii vitamshika kila mara.

Kuna uzito pia, na hili wenye magari hawalifikirii sana. Lenzi za kisasa za milimita 150 hadi 600 ni nzuri sana na zina mfumo wa kutuliza, lakini ile Sigma ya kundi la Contemporary, ambayo ndiyo nyepesi kwenye jamii yake, ina karibu kilo mbili. Mimi naenda kwa bodaboda hadi njia panda, kisha natembea juu ya matuta membamba yanayoteleza, mkono mmoja ukitafuta mizani. Kilo 1.25 naibeba mkononi asubuhi nzima na bado naweza kuinyanyua upesi ndege akitokea. Stendi ya miguu mitatu siibebi kabisa.

Wakati wenyewe ni mfupi. Kuanzia saa nne joto linapanda kutoka kwenye maji na udongo, mazigazi yanaanza kucheza, na picha ya ndege aliye mbali inakuwa kama ametiwa maji. Hakuna lenzi ya bei yoyote inayotibu hilo. Nafika saa kumi na mbili na nusu, mlima ukiwa bado wazi, na saa nne naondoka, au nabaki na ndege walio karibu tu.

Lenzi hii ni nyeupe na ndefu, inaonekana kutoka mbali, kwa hiyo nimeiviringishia kipande cha kitenge cha rangi ya udongo. Hiyo ni kwa ajili ya ndege, na pia kwa ajili ya watu. Haya ni mashamba ya watu, na mgeni anayezunguka na chombo kirefu anaweza kudhaniwa mpima ardhi. Nasalimia kila ninayemkuta kabla sijanyanyua kamera. Siku moja mzee aliyekuwa zamu ya maji alinisimamisha kwenye mfereji.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Unapima nini huku?"

"Sipimi, baba. Napiga picha za ndege."

"Hawa hawa wanaotumalizia mpunga?"

Nikamwonyesha kwenye kioo cha kamera mdiria mdogo wa buluu niliyekuwa nimempiga muda si mrefu. Akainama, akamtazama kwa muda, akasema huyo hali mpunga, huyo anakula visamaki, na kwamba ana tundu kwenye ukingo wa mfereji karibu na lango la maji. Akanipeleka mwenyewe. Kwa kuwa ndege alikuwa anaingia na kutoka, tulibaki ng'ambo, mbali kiasi cha kutomsumbua, na nikapiga picha chache tu. Tangu hapo nikipita upande ule nikamkosa mzee, naulizia hali yake.

Mpunga ukikaribia kukomaa, waamiaji wanakuwa shambani tangu alfajiri na makombeo na madebe kwa sababu ya kweleakwelea. Kundi lao likinyanyuka ni jambo la kustaajabisha machoni, lakini kwa mkulima ni msimu mzima unaoliwa. Wakati huo nabaki kwenye barabara ya mfereji mkuu, siingii ndani. Picha ninayoitafuta haifiki thamani ya gunia la mtu. Kwenye matete ya mifereji ile ile huwa natafuta mnana wa Taveta, mwenye kisogo cha rangi ya kahawia-nyekundu, ambaye duniani kote anapatikana kaskazini mashariki ya Tanzania na kusini mashariki ya Kenya tu. Naona ni heshima kubwa kuwa na ndege wa namna hiyo umbali wa bodaboda kutoka nyumbani, na nasikitika kwamba wengi wetu tunampita bila kumjua.

Mdiria ananipeleka kwenye udhaifu wa kwanza ninaouhisi kweli. Lenzi hii haishiki fokasi karibu kuliko mita 3.5. Ndege mdogo akikujia mita mbili, huna la kufanya ila kurudi nyuma, na ukirudi nyuma anaruka. Lenzi mpya zaidi ya Canon ya milimita 100 hadi 400, toleo la pili, inakubali hadi chini ya mita moja, na kama unapenda pia vipepeo na kereng'ende wa kando ya mifereji, tofauti hiyo ni kubwa.

Udhaifu wa pili ni msituni. Msitu wa Rau uko pale pale pembeni ya mashamba, wenye miti mirefu ya msoo, mbega na hondohondo, na ukilipa kiingilio unaweza kutembea humo kwa utulivu. Lakini chini ya miti ile mwanga ni hafifu mno. Hata kwa ISO 1600 spidi ya shata inaniangukia 1/250, na kwa milimita 400 bila mfumo wa kutuliza hiyo ni kubahatisha. Huko ndiko ninakotamani lenzi nyingine. Kama nyumbani kwako ni karibu na msitu na si na maji ya wazi, usinunue hii.

Nimeipeleka pia Ziwa Duluti, pale Tengeru, kwa basi la Arusha. Ukingoni kuna msitu, lakini juu ya maji mwanga ni mzuri, na mnandi akianika mbawa juu ya gogo au furukombe akikaa kwenye tawi la juu, milimita 400 zinatosha kama umo ndani ya mtumbwi. Ukiwa kwenye njia ya kuzunguka ziwa, mara nyingi hazitoshi.

Kwa anayeitafuta: imulike kwa tochi ya simu kupitia upande wa pili uone kama kuna kuvu kwenye vioo, maana lenzi nyingi za umri huu zimekaa kabatini miaka. Ifunge kwenye kamera, fokasi kitu cha karibu kisha cha mbali mara kadhaa, usikilize kama mota inasita. Jaribu swichi ya ubavuni pande zote mbili, na vuta kofia yake ya jua, ambayo imejengewa humo humo, uone kama inateleza vizuri. Uliza kama pete ya kufungia stendi ipo, kwa sababu inatoka na wauzaji wengi wameshaipoteza. Mimi nilipunguziwa bei kwa kuikosa, na kwa kuwa situmii stendi nilishukuru. Beba mfuko wa nailoni kwa ajili ya mvua za ghafla za Aprili, na brashi laini kwa ajili ya vumbi la barabara ya kiwanda cha sukari cha TPC.