Tangi jeusi la galoni 400 kwa nyumba ya Trinidad: tangi zuri, seti ina mapengo

Trinidad, kisiwa cha Karibi, nyumba bila tangi jeusi la plastiki uani au juu ya paa ni ya kutafuta. Ni lile lile ambalo Nairobi na Dar watu huliita simtanki. Maji ya bomba huletwa na WASA (wa Dar asidhani ni DAWASA; hii ni mamlaka ya maji na majitaka ya Trinidad na Tobago, iliyoundwa 1965), na mitaa mingi huyapata kwa zamu, mara nyingi usiku. Kiangazi, kati ya Januari na Mei, mabwawa ya Hollis, Navet na Caroni-Arena yakishuka, zamu huachana zaidi na kumwagilia kwa mpira hupigwa marufuku. Kiwanda cha kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari kipo Point Lisas tangu 2002, lakini maji mengi humwagika njiani kwa mabomba yaliyochoka. Ndiyo maana kila nyumba hujitegemea kwa akiba yake.

Tunachopima hapa ni seti ya kawaida: tangi la galoni 400, pampu ya nusu hosipawa, tangi dogo la presha, swichi ya presha ya 20/40 (huwasha pampu presha ikishuka hadi psi 20 na kuizima ikifika psi 40; psi ni kipimo cha presha), koki ya boya inayofunga maji tangi likijaa, na mabomba ya PVC ya robo tatu inchi. Tangi lenyewe tunalipa alama nne kati ya tano. Seti nzima, mbili na nusu.

Kabla ya kulipa, uliza galoni ni ya wapi. Ikiwa ni ya Kiingereza, 400 ni lita 1,818. Ikiwa ya Marekani, ni lita 1,514. Tofauti hiyo ya lita 300 ni karibu siku nzima ya familia ya watu wanne wanaojibana. Halafu toa maji yasiyotoka: tundu la kutolea huwa juu kidogo ya sakafu ya tangi, na kwenye tangi la kipenyo cha mita 1.2, kila sentimita 7 zinazobaki chini ni lita 80 hivi. Si hasara tupu, maana tope nalo hubaki huko huko.

Plastiki nyeusi haina mjadala. Mwanga haupiti, kwa hiyo ukijani hauoti. Maji hupata moto mchana, na hilo ni la kuvumilia. Tangi likipasuka, mara nyingi kosa ni la kitako. Likijaa lina uzito wa karibu tani mbili. Ukiliweka juu ya kokoto au matofali yenye nafasi katikati, sakafu yake hubonyea hadi ipasuke pembeni mwa tundu. Mwaga zege la sentimita 10 lenye nondo, lizidi tangi sentimita 15 kila upande. Na anayetaka kulipandisha mnarani ajue hesabu: mita 3 za kimo ni psi 4 tu. Zinatosha sinki na ndoo, lakini bomba la mvua la bafuni halitamridhisha mtu. Kisiwa hiki nacho hutetemeka, kwa hiyo tangi la juu lifungwe mkanda.

Kosa la gharama kuliko yote ni kununua tangi la pili wakati la kwanza halijai. Usiku wa zamu, tega ndoo ya lita 20 chini ya bomba la mtaa. Ikijaa kwa dakika 4, unapata lita 5 kwa dakika, na saa 6 zitakupa lita 1,800, tangi zima. Ikijaa kwa dakika 10, saa hizo hizo ni lita 720. Tangi la pili litakuwa pambo. Presha ikiwa hafifu hivyo, weka tangi chini kabisa, karibu na lango, maji yaingie yenyewe, ndipo pampu iyainue. Usiiunge pampu moja kwa moja na bomba la mtaa hata mwenye duka akikuonyesha jinsi ya kufanya: bomba linalovuja likivutwa hunyonya maji ya mtaroni, na uchafu huo utawafikia jirani pia.

Sasa kwenye pengo kubwa. Fundi huacha njia mbili: moja huingia tangini, nyingine hupeleka maji ya mtaa moja kwa moja ndani siku presha ikiwa nzuri. Kwenye njia hii ya pili hukaa valvu ya njia moja, na katika seti nyingi ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote. Chembe moja ya mchanga ikiishika mdomo, pampu inasukuma maji yako kurudi barabarani. Jirani wa bondeni anaoga kwa umeme wako. Dalili yake: pampu inawaka usiku wakati hakuna aliyefungua koki, na asubuhi tangi limeshuka.

Kuipima, subiri bomba la mtaa likauke. Funga koki zote za ndani, kisha inua boya ulifunge kwa kamba, la sivyo maji yanayovuja yatazunguka na kurudi tangini na kukudanganya. Acha pampu ifike psi 40, izime, uitazame geji. Ikishuka, funga koki kuu ya langoni, rudia. Ikitulia sasa, mkosaji ni valvu. Ikiendelea kushuka, kagua tangi la choo kwanza, kisha valvu nyingine ya njia moja, iliyo kati ya tangi na pampu. Unapobadilisha, nunua ya shaba yenye springi, fuata mshale uliochorwa juu yake, weka chujio upande maji yanakoingilia na yunioni (kiungo kinachofunguliwa kwa spana) pande zote mbili. Iliyogandishwa kwa gundi ya PVC hutolewa kwa msumeno tu.

Seti pia haina swichi ya kuzima pampu tangi likikauka. Pampu ikizunguka bila maji, sili yake huungua. Swichi ya boya ndani ya tangi, iliyowekwa juu kidogo ya tundu la kutolea, huokoa pampu. Iongeze siku ile ile ya kufunga. Tangi la presha, zima umeme, mwaga maji yake, pima upepo kwa geji ya tairi: psi 18 kwa swichi ya 20/40. Lenye ujazo wa lita 75 hukupa lita 25 hivi kabla pampu haijawaka tena. Pampu ikianza kuwaka na kuzima kila baada ya sekunde chache, bonyeza kipini cha upepo. Yakitoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Boya hukwama, na kwa kuwa nyumba nyingi hazina mita, maji yanayofurika hayaonekani kwenye bili. Elekeza bomba la kufurikia mahali utakapoliona, ulizibe kwa wavu wa mbu. Aedes, mbu wa dengi, hupenda maji masafi yaliyotulia, na pipa lisilo na kifuniko pembeni mwa tangi ni hatari kuliko tangi lenyewe.

Ukishasafisha tangi, tumia jiki ya asilimia 5 isiyo na manukato: lita 1 kwa kila lita 1,000 za maji. Fungua kila koki hadi harufu ifike, liache usiku kucha, kisha mwaga yote na ujaze upya. Maji ya kunywa hutiwa matone 2 ya jiki hiyo kwa lita na kusubiriwa dakika 30.

Mwisho, maboza, yaani malori ya kuuza maji. Huduma hii hufaa kiangazi kikikaza, lakini huko Laventille na vilima vingine, gari halipandi kila kichochoro. Pima umbali kutoka barabara hadi mdomo wa tangi, uwatajie unapoagiza, na jua boza litamwaga haraka kuliko boya linavyoruhusu: mpira wao uingie kwa mdomo mkubwa wa juu, na mtu asimame pale kuangalia usichafue kifuniko.