SNAP nikiwa mwanafunzi wa miaka 21: uzoefu wangu

Huduma yenyewe naipa nyota nne, maelezo ya maofisa wake nyota mbili. SNAP, yaani msaada wa serikali wa kununua chakula kwa wenye kipato kidogo, ambao wengi wetu hapa Marekani bado tunauita fudistempu, umenivusha muhula mzima bila kulala njaa. Kinachoniuma ni vijana wenzangu wanaoambiwa hawana sifa wakarudi nyumbani kimya, bila kujua ni sharti gani limewakwamisha.

Mimi ni raia, nasoma chuo cha jamii, na jioni nafanya kazi ghalani. Ombi langu la kwanza lilirudi na barua fupi iliyosema nimekataliwa kwa kuwa ni mwanafunzi. Ni kweli sheria inawazuia wanafunzi wanaosoma nusu ya ratiba au zaidi, ila imeweka vighairi: anayefanya kazi ya malipo wastani wa saa 20 kwa wiki anaruhusiwa, na anayelea mtoto wa chini ya miaka 6 vilevile. Saa zangu zilipita 20, na hakuna aliyeniuliza. Nilikata rufaa, nikapeleka hati za mshahara, wakanikubalia. Hati hizo zitunzeni.

Jambo zito kwa familia zetu ni kaya. Ofisi ya SNAP inahesabu kaya kwa watu wanaoishi pamoja na kwa kawaida hununua na kupika chakula pamoja. Lakini ukiishi na baba au mama kabla ya kutimiza miaka 22, mnahesabiwa kaya moja hata kama kila mtu ana chungu chake, na kipato chao kinaingia kwenye hesabu yako. Mimi naishi kwa shangazi. Kwa sababu ya zamu za usiku najinunulia na kujipikia, kwa hiyo ombi langu lilisimama peke yake. Shangazi akipika Jumapili siwezi kukataa sahani yake, nani angekataa? Nilimweleza ofisa hivyo hivyo; kinachoangaliwa ni kawaida yenu ya kila siku. Semeni ukweli, na muwe na maelezo kamili kabla simu ya mahojiano haijalia. Mkalimani wa Kiswahili ni haki yako na halipiwi, msimtwishe mdogo wenu kazi hiyo.

Kadi unayowekewa msaada huo inafanya kazi madukani na kwenye baadhi ya masoko ya wakulima. Chakula cha moto kilichopikwa tayari kwa kawaida hainunui, lakini mbegu za mboga inanunua. Nimepanda mchicha nyuma ya nyumba.

Wakimbizi wasifuate habari yangu: sheria iliyosainiwa Julai 2025 imewaondoa wengi wao, kwa hiyo waanzie kwa wanasheria wa msaada wa bure. Na kijana mwenye afya, asiyesoma wala kulea mtoto wa chini ya miaka 14, ajiandae kuonyesha saa 80 za kazi au mafunzo kila mwezi. Bila hizo anaweza kupata msaada kwa miezi mitatu tu ndani ya miaka mitatu.